Je, Mtoto Yule Alikuwa wa Shetani?

Filamu moja ya Marekani iitwayo The Omen imekwisha kupita mbele ya macho ya watu wengi: kwanza katika majumba ya sinema, halafu kwa kaseti, na leo hata katika simu za vijana wetu. Ilitoka mwaka wa 1976. Mwisho wake ni huu. Tuko makaburini. Majeneza mawili yanazikwa, la baba na la mama. Mtoto wao Damien, mwenye umri wa miaka mitano, amesimama karibu na Rais wa Marekani na mke wake, ameshikwa mkono. Mara anageuka nyuma, anatutazama sisi watazamaji, anatabasamu. Filamu imekwisha.

Baada ya hapo watu wanabishana. Mmoja anasema: huyu ndiye Mpinga-Kristu, na sasa ameingia nyumbani mwa wakubwa wa dunia. Mwingine anasema: mimi nimeona yatima tu, ambaye baba yake alirukwa na akili akataka kumchinja juu ya altare. Nani ana haki?

Filamu za namna hii, zenye mtoto wa kutisha na mwisho usioamua neno, zina historia yao. Watu fulani waliuchagua mwisho huo, katika mwaka fulani, kwa sababu fulani. Nataka kuisimulia historia hiyo, maana sisi wa Kongo tumekwisha kuona watoto halisi wakihukumiwa kwa hoja zile zile za filamu. Nitafika huko.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 1930 Padri Daniel Lord, Mjezuiti wa Marekani, pamoja na mlei mkatoliki Martin Quigley, mwenye magazeti ya mambo ya sinema, waliandika sheria za kuwaongoza watengenezaji wa filamu. Makampuni ya Hollywood yalizikubali kwa mdomo. Zilifuatwa kweli tangu mwaka wa 1934 tu, kwa kuwa maaskofu walikuwa wameanzisha chama kilichoitwa Legion of Decency, yaani Jeshi la Adabu, na Wakatoliki kwa mamilioni waliahidi kutoingia kwenye filamu mbaya. Fedha ikatishika, masikio yakafunguka. Baba Mtakatifu Pius XI aliisifu kazi hiyo katika barua yake Vigilanti Cura ya mwaka wa 1936. Katika sheria zile ilikatazwa kuwafanya watazamaji waupende uovu, na mhalifu hakuruhusiwa kutoka salama na faida ya uhalifu wake. Basi mtu alipoketi kutazama, mwisho aliujua mbele: mwovu ataanguka.

Sasa tazameni yaliyotokea mwaka wa 1956, sheria zile zilipokutana na mtoto.

Mwaka wa 1954 mwandishi William March alikuwa ametoa kitabu The Bad Seed, maana yake Mbegu Mbaya, na mwaka ule ule Maxwell Anderson akakigeuza kuwa mchezo wa jukwaani. Habari ni ya msichana wa miaka minane, Rhoda, mwenye nywele zilizosukwa vizuri na adabu nyingi mbele ya wageni, ambaye anamwua mwanafunzi mwenzake kwa sababu ya medali ya mwandiko mzuri. Mama yake anagundua. Anagundua pia kwamba yeye mwenyewe alizaliwa na mwanamke mwuaji, naye anaamini damu ile imeruka kizazi kimoja ikamfikia binti. Anamnywesha mtoto dawa nyingi za usingizi, kisha anajipiga risasi. Katika kitabu na katika mchezo, jirani wanasikia mlio wa bunduki, wanafika kwa haraka, mtoto anapona. Mama amekufa pamoja na siri yake, na Rhoda anabaki akimpendeza kila mtu.

Mwisho huo haukuweza kupita katika sinema, sheria zilikataa. Basi Mervyn LeRoy, aliyeiongoza filamu, akaupindua. Mama anapona hospitalini. Usiku wa mvua kubwa mtoto anatoka kwenda kuitafuta medali chini ya gati, na radi inampiga. Mbingu yenyewe imefanya kazi ya polisi. Na kana kwamba radi haikutosha, wachezaji wanatokea mmoja mmoja kuwaaga watazamaji, na yule mama anamlaza mtoto mapajani na kumchapa matakoni, ili tukumbuke kwamba yote yalikuwa mchezo.

Mimi nawaheshimu Padri Lord na wenzake, lakini nasema wazi kwamba mwisho ule ni mbaya kuliko ule wa kitabu. Kitabu kilimwacha msomaji na uchungu na swali. Filamu ilimwambia kwamba kuna watoto ambao dawa yao ni kufa, na kwamba Mungu anakubali. Tena habari ile ya mbegu mbaya katika damu, filamu haikuigusa. Mkristu anafundishwa kwamba dhambi ya asili tumeirithi sote, tajiri na maskini, mtoto wa mwuaji na mtoto wa katekista. Hakuna aliyegawiwa fungu kubwa kuliko la wenzake.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1961, Mwingereza Jack Clayton alitoa filamu The Innocents, yaani Wasio na Hatia. Ilitokana na hadithi ya Henry James ya mwaka wa 1898, The Turn of the Screw. Mwanamke mmoja, binti wa mchungaji wa kijijini, anaajiriwa kuwalea watoto wawili mayatima, Miles na Flora, katika nyumba kubwa ya upweke. Mjomba wao hataki kusumbuliwa na habari zao. Mlezi anaanza kuona watu wawili waliokwisha kufa, mtumishi na mwalimu wa zamani, naye anasadiki kwamba wafu hao wanazitawala roho za watoto. Mwishoni anamkaza Miles alitaje jina la yule mtumishi mfu. Mtoto anapiga kelele, analitaja, anaanguka, anakufa mikononi mwake.

Je, pepo alimtoka? Au mtoto alikufa kwa hofu, kwa kukazwa na mtu mzima? Wasomaji wa Henry James walikuwa wakigombana juu ya neno hilo tangu zamani. Mwaka wa 1934 mhakiki Edmund Wilson aliandika kwamba mapepo hayakuwako ila katika kichwa cha mlezi. Clayton hakuchagua upande. Lakini aliweka alama moja, nami naona ndiyo ufunguo wa filamu zote za namna hii. Kila tunapomwona mfu, tunamwona pamoja na mlezi. Mwanamke mwingine wa nyumba, mtunza nyumba Bi Grose, anasimama pale pale na haoni kitu. Mwanzoni kabisa mwa filamu tunaona mikono ya mlezi imefungwa kwa sala gizani, naye anasema kwamba alitaka kuwaokoa watoto tu, hakutaka kuwaangamiza. Mtu anayesema hivyo ni mtu ambaye kitu kimekwisha kuharibika mikononi mwake.

Ndiyo njia ninayowashauri wasomaji. Mwisho ukikuacha katika mashaka, usiulize kwanza kama mtoto ni mwovu. Uliza: ni macho ya nani niliyoazimwa? Ni nani aliyepewa nafasi ya kusema, na nani hakuulizwa lolote?

Sheria za mwaka wa 1930 zilifutwa mwaka wa 1968, zikawekwa alama za kuonyesha filamu ipi inafaa watu wa umri gani. Mwaka huo huo Roman Polanski alitoa Rosemary's Baby, na ofisi ya Wakatoliki wa Marekani ya mambo ya sinema ikailaani. Juu ya hiyo nasema machache tu. Mwanamke mjamzito anaamini jirani zake wana mpango mwovu juu ya mtoto wake. Mwisho anakikaribia kitanda cheusi, anakitikisa kama mama yeyote. Mtoto hatumwoni hata mara moja. Hata hivyo watu wengi waliotoka ndani ya sinema waliapa kwamba walimwona. Hofu ina macho yake yenyewe.

Halafu ikaja The Exorcist, mwezi wa Desemba 1973. Mwandishi wake, William Peter Blatty, alikuwa mkatoliki aliyesoma kwa Wajezuiti katika chuo kikuu cha Georgetown. Hapa msichana Regan, mwenye miaka kumi na miwili, si mwovu, ni mgonjwa aliyeingiliwa. Padri Karras, ambaye pia ni daktari wa akili, hataki kuamini upesi. Anapima, anachunguza, anakwenda kwa wakubwa wa Eklezya kuomba ruhusa. Mwishoni mzee Padri Merrin amekufa. Karras anamwambia pepo aingie ndani yake mwenyewe amwache mtoto, kisha anajitupa dirishani. Anakufa chini ya ngazi, akiwa ameshikwa mkono na rafiki yake padri anayempa maondoleo.

Kwa Blatty hili lilikuwa fumbo la Msalaba: mtu ametoa uhai wake kwa ajili ya mtoto asiye wake. Lakini wengi waliona kinyume. Walisema Shetani ameshinda, maana mapadri wawili wamekufa. Blatty alisikitika miaka mingi, naye alimlaumu rafiki yake William Friedkin, aliyeiongoza filamu, kwa kukata maneno yaliyoeleza jambo. Yalirudishwa mwaka wa 2000. Katika sehemu moja iliyorudishwa mapadri wawili wanapumzika ngazini, na kijana anauliza: kwa nini msichana huyu? Mzee anajibu kwamba shabaha ya pepo ni wale wanaotazama, ili wajione kuwa wanyama wasioweza kupendwa na Mungu. Wengine wanasema filamu ilikuwa bora bila maelezo hayo. Kwangu mimi, Friedkin alikosea kuyaondoa, kwa sababu yanamtoa mtoto katika kizimba cha mshitakiwa. Lakini hata mwaka wa 1973 jibu halikukosekana kabisa kwa mwenye macho: siku ya kuondoka, Regan hakumbuki kitu, anaona kola ya padri, anamsogelea, anambusu.

Sasa turudi kwa Damien. Katika maandiko ya kwanza ya David Seltzer filamu ilikuwa na majeneza matatu, mtoto naye alikufa. Richard Donner, mwongozaji, amesimulia kwamba mkubwa wa kampuni, Alan Ladd mdogo, ndiye aliyeshauri mtoto abaki hai. Tena Donner aliondoa katika maandiko mapepo ya wazi, kwato na mengine ya kutisha, kwa kuwa alitaka kila msiba uweze kuelezwa kuwa ajali. Yaya anajinyonga: watu hujinyonga. Padri Brennan anachomwa na chuma kilichong'oka juu ya kanisa wakati wa dhoruba: chuma huanguka. Nyani wanaishambulia gari: nyani ni nyani. Mtoto analia kwa ukali akipelekwa kanisani kwenye arusi ya watu wasiojulikana: ni nani asiyepata kumwona mtoto wa namna hiyo Dominika yoyote?

Sisemi mizani ya filamu ni sawasawa. Kuna mlezi mwovu wazi, kuna muziki wa Jerry Goldsmith unaotusukuma mgongoni, na baba anapokata nywele za mtoto anaikuta alama ya 666 kichwani, nasi tunaiona pamoja naye. Hapo Donner anajikana. Kisha zikafuata filamu nyingine, mwaka wa 1978 na wa 1981, na Damien akawa Mpinga-Kristu bila shaka yoyote. Mwisho wa mashaka unapendwa na wenye makampuni: unaacha mlango wazi kwa tiketi nyingine.

Lakini Mkatoliki ana njia yake ya kupima, naye aulize: mambo haya yametoka wapi? Mistari anayoitamka Padri Brennan juu ya Mpinga-Kristu, ambayo watazamaji wengi wamedhani ni ya Kitabu cha Ufunuo, haimo katika Ufunuo wala pengine popote katika Biblia. Ilitungwa kwa ajili ya filamu. Neno Mpinga-Kristu lenyewe halimo katika Ufunuo. Limo katika barua za Yohane, na kule anasema wapinga-Kristu ni wengi, watu waliotoka katika jumuiya na kumkana Yesu. Hesabu ya 666 imo katika sura ya 13, ni hesabu ya mnyama, na wataalamu wengi wa Maandiko wanasoma ndani yake jina la Kaisari Nero kwa herufi za Kiebrania. Nakala nyingine za zamani zina 616. Nero alikuwa mtawala mwenye majeshi, aliyewaua Wakristu wa Roma.

Mtoto basi aliingiaje? Aliingia kwa njia ya desturi za watu. Karibu na mwaka wa 950 mmonaki mmoja Mfaransa, Adso wa Montier-en-Der, alimwandikia malkia Gerberga barua ya kumweleza maisha ya Mpinga-Kristu tangu tumboni: atazaliwa na baba na mama, Shetani ataingia tumboni mwa mama, atalelewa na wachawi. Barua hiyo ilinakiliwa na kusomwa Ulaya kwa mamia ya miaka. Damien ni mjukuu wa barua ile. Ni jambo la kufahamu vizuri, maana mtu akisema "Biblia imesema", anafunga mdomo wa mwenzake.

Ndipo ninapofika kwetu. Tangu miaka ya 1990, katika Kinshasa, Mbuji-Mayi na miji mingine ya Kongo, watoto kwa maelfu wameitwa wachawi na kufukuzwa nyumbani. Sisemi filamu za Amerika ndizo zilizoleta balaa hilo. Vita, ukimwi, njaa, kufungwa kwa kazi, jamaa kubwa kubanwa katika chumba kimoja: hayo ndiyo yaliyolileta, na manabii wa kulipwa wakalikoleza. Lakini hoja zinafanana mno. Katika The Omen, Damien si mtoto wa kuzaliwa na wale wazazi. Aliletwa usiku kutoka hospitali ya Roma badala ya mtoto wao, ambaye baba aliambiwa amekufa. Ni mtoto wa kuletwa. Na kwetu nani hushitakiwa? Mara nyingi ni yatima aliyehamia kwa mjomba, mtoto wa mke wa kwanza aliyemkuta mama wa kambo. Kisha misiba inapangwa kama shanga katika uzi mmoja: baba amepoteza kazi, mtoto mchanga amekufa, shangazi ameanguka, na huyu hasemi sana, halali usiku, anakojoa kitandani, ana kifafa. Uzi ni nani? Ni yeye. Hakuna anayemwuliza, na akiulizwa, anaulizwa kama Miles alivyoulizwa, kwa kukazwa mpaka alitaje jina. Baada ya siku tatu za kunyimwa chakula na kupigwa katika chumba cha sala, mtoto wa miaka saba atakiri kwamba aliruka angani na kula nyama ya watu. Watu wanatoka wakisema: mmesikia mwenyewe amekubali.

Leta imesema neno lake. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamweka gerezani anayefanya hivyo kwa ubaya.

Eklezya ilisema zamani zaidi. Kitabu cha ibada cha Roma, Rituale Romanum cha mwaka wa 1614, kinaanza sehemu ya kuondosha pepo kwa onyo hili kwa padri: asisadiki kwa urahisi kwamba mtu ameingiliwa, bali ajue kumtenganisha na mgonjwa. Kinataja dalili: kusema sana lugha asiyojifunza, kufunua mambo ya mbali yaliyofichika, nguvu kupita umri na hali ya mtu. Hakitaji kukojoa kitandani. Hakitaji kufa kwa baba. Ibada hiyo ilitengenezwa upya mwishoni mwa karne ya 20, na onyo lilibaki. Kwa sheria ya Eklezya, kifungu cha 1172, hakuna mwenye haki ya kufanya ibada hiyo juu ya mtu bila ruhusa ya wazi ya askofu wake, na ruhusa hupewa padri mwenye ibada, elimu, busara na maisha safi. Padri Karras wa filamu alijua sheria hiyo kuliko wakristu wengi wanaomtazama.

Kwa hiyo mkibishana nyumbani juu ya mwisho wa The Omen, ubishi ni halali, filamu iliutafuta. Lakini yule mwenye kusema "ni yatima tu" asichekwe kuwa hana imani.

Na lile tabasamu la makaburini? Mtoto aliyecheza aliitwa Harvey Stephens, Mwingereza, nywele zake za rangi ya dhahabu zilipakwa weusi ili aogopeshe. Donner amesimulia mara nyingi siku ile ilivyokuwa. Alisimama nyuma ya kamera, akamwambia mtoto kwa sauti kali: usicheke, usithubutu kucheka, ukicheka wewe si rafiki yangu tena. Kamera ilikuwa inazunguka. Mtoto akajikaza awezavyo, midomo ikamshinda.